Mama Waifai na Sura ya Mkwe

Ukifika Mpemba ukamuulizia Tumpale, utazungushwa mpaka uchoke. Muulizie Mama Waifai, hata mtoto aliyeanza kutembea jana atakunyooshea kidole. Kibanda chake kiko pale malori yanapojipanga kusubiri zamu ya kuvuka mpaka. Kina mabati ya bluu, na antena imefungwa kwenye mlingoti wa mkaratusi. Ndani kuna chai ya tangawizi, maandazi na intaneti ya kulipia. Dereva akiingia kwa ajili ya kimoja huishia kuchukua vyote vitatu, maana hakuna anayeweza kuongea na mke aliyeko Lubumbashi mikono mitupu.

Mimi naitwa Ferista, nauza viatu vya mitumba kibanda kinachofuata. Kwetu ni Ihanda, mimi ni Mnyiha. Tumpale ni Mndali wa milima ya Ileje. Tumekuwa majirani muda mrefu kiasi kwamba namtania bila kuomba ruhusa, na nikikasirika naye namnyima salamu asubuhi nzima, halafu mchana nakunywa chai yake. Kwa hiyo ninayosimulia hapa nimeyaona kwa macho yangu, na pale nisipoona nilisikia, kwa sababu bati halizuii sauti.

Mchana, hasa mvua ikiwa imenyesha na ukungu umekataa kuondoka, kile kibanda hugeuka kitu kingine kabisa. Wanaume wazima wenye mikono ya grisi wanakaa kwenye benchi wakiinamia simu, na ndani ya kila simu kuna mtu. Mtoto wa Ndola anaonyesha pengo la jino. Bibi wa Kolwezi amesogelea mno kamera, linaonekana sikio tupu. Mke wa mtu anasonga ugali, na mwenyewe huku Mpemba anaumezea mate ugali ulioko nchi nyingine. Kibemba, Kiswahili cha Kongo na Kinamwanga vinapanda na mvuke wa chai mpaka kwenye paa, na mimi nikisinzia juu ya viatu vyangu naona kama watu wote wale wanaota ndoto moja. Saa hizo biashara yangu haiendi. Wala sijali.

Tumpale hupita katikati yao na birika, akizitibu simu zao. "Baba, zima kamera, bakiza sauti, mtandao umezidiwa." Dereva wa Zambia anapiga kelele kwa Kibemba akimwita mama, "Bamayo, mke wangu amekwama!" naye anajibu bila kugeuka, "Hajakwama, subiri, anakuja." Na kweli, uso ule ulioganda mdomo wazi unatikisika, unaendelea na sentensi yake pale ulipoiachia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini filamu ninazoangalia kwenye simu hazigandi, wakati simu ya video inaganda kwa mtandao uleule. Akaniambia vyote viwili huja vipande vipande, kila kipande na njia yake, vinaungwa vikishafika.

"Filamu inajijazia ndoo kwanza," alisema. "Maji yakikatika, wewe bado unaoga. Simu haina ndoo, Ferista. Ni kukinga mdomo kwenye bomba. Kipande kikichelewa kinaachwa, mazungumzo yanaendelea bila hicho."

Hayo aliyapata kwa fundi aliyemfungia antena, na kwa kukaa na watu waliokwama. Mimi nilielewa ndoo. Mengine nilimwachia mwenyewe.

Sasa nikuambie kituko. Mwanamke huyu anayewaunganisha watu na wazazi wao walio ng'ambo ya mipaka hakuwahi hata siku moja kuangaliana na baba mkwe wake.

Katika ukoo alioolewa ndivyo ilivyo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawali pamoja, na jina la mzee halipiti mdomoni mwa mkamwana. Mzee akisikika njiani, mwanamke anaingia kwenye mibuni. Mzee naye ana wajibu wake: akikaribia nyumba anakohoa kutoka mbali, ampe mwenzake nafasi ya kujificha. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ya kuchosha, na mchungaji wao hajawahi kuikataza wala kuihubiri. Huondolewa kwa karamu. Mume anachinja, mkwe na mkamwana wanakula mbele ya watu, mambo yanaisha.

Gwamaka, mumewe Tumpale, aliiahirisha karamu hiyo kila mwaka, mara kuna paa la kuezeka, mara kuna ada ya Angel, binti yao. Alikuwa dereva wa lori. Akaugua safarini huko Zambia, akarudishwa kwenye jeneza. Tumpale akamzika kule milimani, akashuka na binti yake, akaja Mpemba, akafunga antena.

Baba mkwe anaitwa Ambakisye. Jina hilo nalitaja mimi, yeye hajawahi. Akimzungumzia husema "wa kule juu", na mara ya kwanza nilidhani anamsema Mungu, nikashangaa kuambiwa eti wa kule juu anasumbuliwa na mgongo. Tumpale alimtumia dawa, blanketi na sukari kupitia Lwitiko, shemeji yake anayekaa na mzee. Kutoka kule juu zilishuka kahawa na maharage. Mazungumzo ya watu wawili wale, miaka yote, yalikuwa ya viroba.

Mwaka jana Angel, anayesomea uuguzi Mbeya, alimpelekea babu yake simu kubwa ya kugusa. Mzee akaipenda kupita kiasi. Akawa anaangalia mahubiri, mpira, na mafunzo ya kilimo cha parachichi, naye shambani kwake hana hata mparachichi mmoja.

Basi mchana mmoja simu ya Tumpale ikaita. Namba ile aliihifadhi kwa jina la "Nyumbani", na anayempigia siku zote ni Lwitiko. Akabonyeza huku akihesabu maandazi, akainua simu usoni. Kwenye kioo akatokea mzee mwenye kofia ya sufu, anamtazama moja kwa moja.

Sijawahi kuona mtu akiikimbia simu. Alijifunika kanga usoni, akaitupa kwenye sinia la maandazi, akakata katikati ya madereva akamwaga chai ya mtu, na kabla sijainuka alikuwa amejibanza nyuma ya lundo langu la viatu.

"Amenikuta!" alinong'ona. "Ferista, amenikuta!"

Kule kwenye sinia mzee alikuwa anaita "Haloo? Haloo?" akiongea na paa. Dereva mmoja Mkongo, mwenye adabu zake, akaokota simu, akamsalimia, wakazungumza habari za mvua kwa kirefu kama watu waliokua pamoja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomaliza kucheka nikakuta mwenzangu analia.

"Mama Angel, hujamwona mtu," nilimwambia. "Umeona vipande. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?"

"Na hawa wanaolia hapa kila siku," akajibu, akionyesha benchi zake, "wanalilia vipande?"

Nikaanza kupanga upya viatu alivyovipangua. Nilikuwa nimemkasirikia.

Kumbe mzee hakukosea kubonyeza. Jioni ile Lwitiko alipiga, sauti tupu, akaeleza. Macho ya mzee yanakwisha. Hospitali walisema ni presha ya macho, jicho moja limeshafunga na la pili linafuata, na kilichokwenda hakirudi. Mzee akakaa akafikiri, akasema amebakiza kitu kimoja anachotaka kukiona kabla hakujawa giza.

"Anataka kukuona wewe, shemeji," Lwitiko alisema. "Mchana ule aliambulia kanga tu. Anasema analala chini ya bati ulilonunua wewe, anameza dawa unazotuma wewe, na hajui una sura gani. Anasema mwiko huu ni wenu wawili, na yeye kwa upande wake ameshauondoa."

Tumpale alimjibu kwa heshima ndefu, naomba unisamehe shemeji, mwombee radhi kwa mwenye nyumba, lakini jibu lilikuwa hapana.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia ana roho ya jiwe, kwamba mzee anapofuka naye anabana sura utadhani ni mali ya serikali. Alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. Aliosha kikombe kimoja muda mrefu, ndani, nje, ndani tena.

"Gwamaka sina kaburi lake hapa," alisema mwishowe. "Nguo zake zimechakaa zikaisha. Sauti yake ilikuwa kwenye simu ya zamani, na simu ikafa. Kimebaki kitu kimoja. Nikipanda kule, nikasikia yule baba anakohoa njiani, miguu yangu inakimbia yenyewe. Sasa mwanamke asiye na mume anamkimbia mkwe wa nani? Nikikimbia, bado mimi ni mke wa mtu. Siku nitakayosimama nikamtazama, Gwamaka amekwisha."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfutia vikombe. Mimi kumfutia mtu vyombo ni jambo la kutangazwa kanisani.

Baada ya hapo mambo yakaenda taratibu, kama yanavyokwenda kwetu majira ya ukungu, malori yakiwasha taa mchana na watu wakitokea ghafla barabarani nusunusu, kichwa kwanza, miguu baadaye. Lwitiko alipiga mara kwa mara. Leo mzee amemimina chai nje ya kikombe. Leo ameusalimia mbuni akidhani ni mtu, akangoja kuitikiwa. Kila habari ilipofika Tumpale alisema pole, akafungasha dawa nyingine. Aliniambia anaota ndoto ileile. Yuko kwenye mibuni iliyochanua, maua meupe yamemfika magotini, anakimbia polepole kama mtu aliye ndani ya maji. Anasikiliza kikohozi, hakuna. Anasikiliza hatua, hakuna. Anasimama, anageuka, na shamba lote ni jeupe na hakuna mtu anayekuja. Ndoto hiyo ilimtisha, akaanza kulala na redio.

Ndipo akaja yule dereva wa Likasi. Alikuwa mtu mnene, mpole, alikaa kona akimpigia mama yake. Katikati ya maongezi mtandao ukaanguka, na mama akaganda kwenye kioo, kitambaa kichwani, mkono umeinuliwa nusu kama anayetaka kukataa kitu.

"Kata, nikuunganishe upya," Tumpale alimwambia.

"Acha tu, mama," alisema yule mtu. "Nikikata atapotea. Anaumwa sana. Wacha nimtazame hivi hivi."

Akamtazama. Watu waliingia, wakanywa, wakatoka, naye anamtazama, mpaka simu ikaisha chaji mkononi mwake na kioo kikawa cheusi. Tumpale alisimama nyuma yake na birika muda wote huo. Mimi niliona kwenye ufa wa bati. Sitasema alifikiria nini, kwa sababu hakuniambia.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, alikuja kibandani kwangu amevaa kitenge kipya.

"Njoo unishikie simu," alisema. "Utatumia kamera ya nyuma. Kioo kitakuwa upande wako. Ataniona, mimi sitamwona."

Nikamwelewa. Alikuwa amepata njia ya katikati. Mzee apewe anachokitaka, na yeye abaki na mumewe. Nilimtazama alivyojipaka mafuta na kunyoosha nywele, mwanamke mzima, mama wa binti wa chuo, anajirekebisha kitenge kama bibi harusi, nikamwonea huruma.

Alikifunga kibanda, akaacha mlango wa nyuma wazi kwa ajili ya mwanga. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matairi, malori yamezima injini, na Mpemba nzima ilikuwa kimya kwa namna ambayo huwezi kuisikia siku ya kazi. Nikapiga. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu akatokea Lwitiko, akatabasamu, akasema subirini. Picha ikapita juu ya ukuta, kigoda, kuku mmoja, ikatulia. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa mlangoni kwake, na Lwitiko alimsogezea simu karibu na jicho zima, mpaka uso ule ukajaa kioo changu chote kuanzia kofia mpaka kidevu.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Mimi ni Ferista, jirani yake."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

"Yupo mbele yangu."

Tumpale alisimama kando ya meza, mikono ameishika mbele, anautazama mgongo wa simu. Mzee hakusema kitu. Hakupepesa. Nikajua picha imeganda, na kidole changu kilikuwa kinaelekea kuzima kamera, kubakiza sauti, kama nilivyofundishwa. Ndipo nikaona uzi uliochomoka kwenye kofia yake unapeperuka. Mzee hakuwa ameganda. Alikuwa anaangalia.

Aliangalia muda mrefu. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Huyu simjui," alisema.

Tumpale alisikia. Akainamisha macho. Nikawa natafuta neno la kumjibu mzee, na halikuwa neno zuri.

"Mwambie ageuke," mzee akasema. "Aende kidogo, kama mtu anayeondoka."

Tumpale akageuka. Akatembea kuelekea mlango wa nyuma, na nadhani hakujua anafanya nini, maana alianza kuharakisha, bega la kushoto limetangulia, mkono mmoja umekamata kitenge kisimkwaze.

"Aaa!" mzee akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Ndiye. Ndiye huyu. Huyu namjua tangu alipoletwa, kila siku ananiachia mgongo." Akacheka, na kicheko kikatufikia kimekatikakatika. Halafu akawa mtulivu. "Mwambie asimame sasa. Mwambie mkwe wake haoni tena njia. Akikimbia mara hii, sitajua amekwenda upande gani."

Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa amesimama mlangoni, na mbele yake kulikuwa na ukungu mtupu. Nilihisi akipiga hatua moja nyingine nitampoteza humo. Alikaa hivyo, mkono umeshika mwimo wa mlango. Kisha akageuka, akarudi, akaipita meza, akaja upande wangu, upande wa kioo. Mkono wake ulikuwa wa baridi begani kwangu. Akamtazama.

"Shikamoo, baba," alisema.

Kikapita kimya kile cha mtandao, neno likiwa limeshaondoka kwako na halijafika kwake. Hakikuwa kirefu. Mimi nilikiona kirefu.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Marahaba."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutabasamu kama mjinga. Tumpale akaporomoka sakafuni, akashika kichwa, akapiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba, lile linalowatoa watu mashambani.

"Gwamaka! Jamani, Gwamaka wangu amekufa!"

Alilia kama jeneza ndiyo kwanza linashushwa garini. Nje nikasikia milango ya malori ikifunguliwa, na dereva mmoja akauliza kwa Kibemba, mwingine akamuuliza kwa Kiswahili, nani amefariki. Niliona aibu kwa niaba ya mzee, kuamkiwa mara ya kwanza na kuliliwa hapohapo, nikataka kukata.

"Usikate," mzee alisema.

Alikuwa amevua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa na jicho lile moja limejaa maji.

"Siku tunamzika nilikaa na wanaume uani, yeye alikuwa ndani na wanawake. Kwa mwiko wetu sikuweza hata kumpa pole. Nilimsikia analia ng'ambo ya ukuta, nikaziba masikio kwa heshima. Nilimzika mwanangu peke yangu, naye akamzika mumewe peke yake. Mlete karibu, binti yangu. Nimemngoja tulie wote."

Nikakaa sakafuni, nikaiweka simu kati yetu, imeegemea mguu wa benchi. Mtandao haukuwa mzuri. Kilio chake kilitufikia kimechelewa, na cha Tumpale nadhani kilimfikia hivyo hivyo, mmoja akinyamaza mwingine ndiyo anaanza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.